Jino Lililoambiwa Lilale

Sogeeni huku kivulini, wapuraji bado wanapanga safu zao na tuna muda. Mbula ameniuliza kwa nini mwimbishaji wa kupura mtama, akishapanda juu ya jabali, hutumbukiza vidole vitatu mdomoni kabla hajatoa sauti. Ametaka kujua kama yule mama ana njaa. Msimcheke. Swali lake ni zuri, na hata mimi niliwahi kuliuliza nikiwa mdogo kuliko yeye.

Kwanza, kila mmoja atie kidole mdomoni, apapase nyuma ya gego lake la mwisho. Umefika? Hapo pana ufizi mtupu, laini. Chini ya ufizi huo kuna jino limelala. Nitawaeleza lililazwa na nani, na siku lilipoamka mara ya kwanza ilikuwaje.

Kulikuwa na wakati ambapo watu wa nchi hii ya miamba walikuwa na mataya marefu. Mtoto akishang'oka meno ya utoto, meno ya ukubwani yalikuja yote kwa mpigo mmoja, yakajipanga mpaka pembeni kabisa, na nafasi ikabaki. Yalihitajika yote. Mtama ulitafunwa mkavu, punje kwa punje. Nyama ilikaushwa juani hadi ikawa ngumu kama kamba ya ngozi, na mizizi ililiwa na maganda yake. Mlo wa asubuhi uliisha jua likiwa utosini. Watu walizungumza kidogo sana, kwa sababu vinywa vilikuwa kazini. Kazi nzito kuliko zote ilikuwa ya magego manne ya mwisho, moja katika kila pembe. Hayo yalivunja, na mengine yakalainisha.

Basi palikuwa na mwanamke aitwaye Minza, mwenye mama mzee aliyebakiwa na meno mawili tu. Siku hizo mzee asiye na meno alikuwa akingoja kufa. Minza alimtafunia mama yake mtama asubuhi na jioni, mpaka mataya yake mwenyewe yakamuuma. Siku moja alichoka. Aliweka punje juu ya jiwe bapa, akazisugua kwa jiwe jingine kwa hasira, na alipotazama akakuta unga. Akautia maji, akauweka motoni, ukawa uji. Mama yake akanywa, akalamba vidole, akasema, "Minza, jiwe lako lina meno kuliko mimi."

Yule bibi aliishi miaka mingine kumi na mmoja. Habari zikaenea, na baada ya mavuno machache kila jabali lilikuwa na shimo la kusagia. Yale mashimo mnayochezea maji ya mvua nyuma ya shule yenu yalichimbwa na mikono ya wakati huo.

Watu walifurahi. Lakini hakuna aliyeuliza taya linaonaje. Taya lilijiona limebeba nyumba kubwa iliyojaa watu wasio na kazi. Likaanza kujikunja, kidogo kizazi hiki, kidogo kizazi kile, kama mtu anavyokunja mkeka wageni wakiondoka. Meno ya mbele yakabaki na kazi ya kukata, ya kati yakabaki na kazi ya kulainisha. Zamu ya magego manne ya mwisho ilipofika, yakakuta hakuna pa kukaa.

"Tumekuja kuvunja," yalisema.

"Siku hizi jiwe ndilo linalovunja," taya likajibu. "Laleni kwanza. Nafasi ikipatikana, mtaitwa."

Magego ni matiifu. Yalijilaza ndani ya mfupa, jingine wima, jingine chali, jingine ubavu, kila moja kama lilivyopata upenyo, yakasinzia. Taya likasahau kuyaita. Vizazi vikapita. Watu nao wakasahau kwamba yalikuwapo, na mtu alipohesabu meno yake akafika ishirini na manane, aliona yametimia.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka mwaka wa Nkwimba.

Nkwimba alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, mwenye sauti iliyotoka jabali hili ikafika jabali lile bila kupungua. Mwaka huo alichaguliwa kuwa mwimbishaji. Mnaijua kazi hiyo. Wapuraji husimama safu mbili zikitazamana. Safu hii ikipiga, ile inainua fimbo, na kinachowashika wote ni sauti ya mtu mmoja. Sauti ikiyumba, fimbo hugongana na vidole huvunjika. Desturi ya wakati ule ilikuwa kali. Mwimbishaji akishapakwa unga kwenye paji la uso mbele ya watu wote, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuimbisha mpaka punje ya mwisho iingie ghalani.

Nkwimba aliimba siku moja tu. Sauti yake ilitetemesha mfupa wa taya, na lile gego lililolala ubavu pembe ya chini kushoto likashtuka. "Hatimaye tumeitwa," lilisema, likaamka. Shida ni kwamba lilikuwa limelala ubavu, na likaanza safari likiwa ubavu vilevile. Badala ya kupanda juu likaenda mbele, kichwa kikamgonga jirani yake. Likasukuma. Jirani hakuwa na pa kwenda. Ufizi uliokuwa juu yake ukachanika kidogo, mabaki ya chakula yakaingia, na uvimbe ukaanza.

Asubuhi shavu la Nkwimba lilikuwa limejaa. Akaitwa Mzee Lubala, mng'oa meno wa pale, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno mengi.

"Panua," alisema. "Panua kama unavyowaita ng'ombe wa jirani."

Alikuwa na kijiti chake cha kugongea. Aligonga jino moja moja, na alipofika gego mojawapo la juu upande wa kushoto Nkwimba akaruka. "Mwizi huyu hapa!" Mzee Lubala akatangaza. Akalifunga kamba, akaweka goti, akavuta.

Bibi Kwandu, mama wa mama yake Nkwimba, aliliokota lile jino. Akalisuuza, akaligeuza juani. Lilikuwa jeupe, zima, halina tundu wala doa.

"Lubala," alisema, "umemfunga asiye na kosa."

"Mama, kesho maumivu yatakuwa yamekwisha."

Kesho yake mdomo haukufunguka. Kidole kimoja, kikiwa kimelazwa, ndicho kilichopita kati ya meno ya juu na ya chini, tena kwa shida. Siku ya tatu homa ilipanda na uvimbe ukaanza kushuka kuelekea shingoni. Nkwimba alimeza mate huku machozi yakimtoka. Watu waliowahi kuona uvimbe wa namna hiyo walijua kwamba ukifika kooni hufunga njia ya hewa, na mtu haponi. Huko juu ya jabali, mtama wa watu wote ulikuwa umetandazwa, na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Wazee wakakaa kikao. Wengine walisema desturi ivunjwe, achaguliwe mwimbishaji mwingine. Bibi Kwandu alisimama mlangoni akawauliza, "Mnatafuta wa kuimba, au mnanizikia mjukuu angali hai?" Akaenda zake kuchemsha maji.

Sikilizeni alivyofanya, maana hakukimbilia kisu. Alitia chumvi kwenye maji ya vuguvugu, akamsukutulisha Nkwimba mara nyingi, mchana kutwa, na alimkanda shavu kwa kitambaa cha moto. Siku ya pili usaha ukatoka nyuma kabisa ya meno, homa ikapungua, na kidole cha bibi kikapata njia ya kuingia. Alinawa mikono mpaka viwiko, akapapasa.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo bibi wa huku walivyowatania wajukuu wao wa kike, "usining'ate, sina kidole cha akiba."

Alianza upande wa kulia, upande usiouma. Nyuma ya gego la mwisho akagusa kitu kigumu kinachochungulia kwenye ufizi. Jino jipya! Jino linaota kwa mtu mzima? Akahamia kushoto, taratibu. Huko hakukuta jino lililosimama. Alikuta uvimbe, na chini ya uvimbe ukingo mgumu uliolala kama mtu aliyejifunika shuka. Bibi Kwandu akatoa kidole, akakaa chini.

"Lipo," alisema. "Halikuonekana kwa sababu limelala. Linamsukuma mwenzake wa chini, na kelele zake zikasikika hadi kwa jino la juu lisilo na kosa."

Mzee Lubala aliitwa, akapapasa, akatoa kidole. Kisha akasema kweli yake: "Mama, mimi navuta ninachokishika. Hili halishikiki."

Hapo Bibi Kwandu akamkumbuka mwanawe wa kiume, Ngollo, mjomba wa Nkwimba. Ngollo hakuwa mganga. Alikuwa mpasua mawe. Yeye ndiye aliyechonga mawe ya kusagia ya kijiji kizima, na kisima kikikwama mwambani ndiye aliyeshushwa na kamba.

"Ngollo," mama yake alimuuliza, "jiwe likibanwa kati ya mawe mengine kisimani, unalitoaje?"

"Silivuti, mama. Ukilivuta utapasua na yale ya pembeni. Nafukua udongo mpaka nione mgongo wake. Natafuta mshipa, natia kabari, nalipasua. Vipande hupita pale ambapo jiwe zima halipiti."

"Basi njoo uone kisima changu."

Ngollo alipapasa, akaelewa, na jasho likamtoka. "Mama, unataka nimchane mtoto wa dada yangu? Jiwe halilii."

Nkwimba alikuwa amelala kwenye ngozi kando ya ukuta. Akasema kati ya meno yaliyofungwa, "Mimi nitalia, mjomba. Wewe pasua."

Ngollo aliomba siku mbili. Alikwenda kwa wachinjaji akachukua vichwa vya mbuzi, akaketi nyuma ya nyumba yake na patasi ndogo mbili na kisu chembamba alichofuliwa na mhunzi. Taya la kwanza lilivunjika katikati. La pili likapata ufa. La tatu, jino lilitoka lakini likaondoka na jirani. Watoto waliochungulia uani walidhani mjomba ameingiwa na wazimu. Jioni ya siku ya pili, kwenye taya la tisa, alichana ufizi, akaparuza mfupa kidogo tu, akachora mstari kwenye jino, akazungusha patasi. Tak! Jino likawa vipande viwili. Kimoja kikatoka, cha pili kikafuata, na jirani hakutikisika.

Alipoinua kichwa alimwona Mzee Lubala amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nilikosea," Mzee Lubala alisema. "Nipe kazi yoyote."

"Mikono yako ni mikubwa, mzee wangu. Utamshika kichwa kisitikisike."

Walichagua asubuhi, jua likiwa limepanda vya kutosha kuingia mdomoni, na walichagua juu ya jabali lenyewe kwa sababu hapo hapakuwa na kivuli. Watu walikaa mbali, kimya. Bibi Kwandu alichemsha kisu, patasi, uzi na vitambaa vyote, na kila aliyekuja karibu alimnawisha, hata aliyekuja kuangalia tu. Nkwimba alipewa yale majani ambayo wachungaji hutafuna, yakautia ganzi upande mzima wa kushoto. Kipande cha mti laini kiliwekwa kati ya meno upande wa kulia, kikasogezwa polepole, mpaka mdomo ukapata nafasi.

"Mke mwenzangu," bibi alimnong'oneza, "ukiniachia yule mume wetu mzee peke yangu sitakusamehe." Nkwimba akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyokuwa yake.

Ngollo alichana ufizi mara moja, akaukunjua pembeni. Damu ikaja, bibi akaipangusa. Akaparuza mfupa uliofunika, kidogo, akasimama, akatazama, akaparuza tena. Na hapo likaonekana: gego kubwa, jeupe, limelala ubavu kama alivyosema bibi, kichwa kimeegemea jirani.

"Limekuwa likingoja muda mrefu," alisema mtu fulani nyuma.

"Nyamaza," Mzee Lubala akamjibu bila kugeuka.

Ngollo alichora mstari shingoni mwa jino. Aliweka patasi, akaitoa, akapumua, akairudisha. Akazungusha. Tak! Sauti ile ndogo ilisikika mpaka kwa watu waliokaa mbali. Kichwa cha jino kikatoka kwanza. Kisha akageuza mizizi kuelekea kwenye nafasi iliyoachwa na kichwa, akautoa mzizi mmoja, akautoa wa pili. Akasafisha shimo, akarudisha ufizi mahali pake, akaushona kwa nyuzi tatu.

Nkwimba alilia, kama alivyoahidi. Lakini jirani wa lile jino hakutikisika.

"Tema!" Mzee Lubala alimwambia kwa mazoea. "Tema damu yote!"

"Asiteme!" Bibi Kwandu akamzuia kwa mkono. "Shimo halijapata mfuniko. Damu itaganda iwe donge, na donge hilo ndilo mlango. Ukilifyonza au ukilitema, utaacha mfupa wazi, na utajuta." Akamwekea kitambaa safi, akamwambia aume na atulie. Siku hiyo hakusukutua. Kesho yake alianza maji ya chumvi, akiyazungusha polepole na kuyaacha yadondoke yenyewe. Alikunywa uji uliopoa, kwa kikombe, bila kufyonza.

Mawingu yalikuwa yakikaribia. Watu waliufunika mtama kwa ngozi na nyasi, wakangoja. Kila asubuhi mtu mmoja alipita kwa Bibi Kwandu akijifanya amekuja kuazima moto, akauliza, "Vingapi?" Bibi alijibu, "Kimoja na nusu." Siku ya nne, "Viwili." Siku ya sita, "Viwili na kucha." Kijiji kizima kilikuwa kikipima mdomo wa mtu mmoja kwa vidole.

Siku ya nane kulipokucha, upepo ulikuwa na harufu ya mvua. Nkwimba alinawa uso, akapanda jabali peke yake. Watu walimwona, wakaacha majembe na vyungu, wakaja mbio na fimbo zao. Yeye alisimama mbele yao, shavu limerudi lilivyokuwa. Aliinua mkono, akasimamisha vidole vitatu, kimoja juu ya kingine, akavitia mdomoni mbele ya macho yao. Vikaingia vyote.

Akavitoa. Na sauti ikatoka.

Wanaosimulia wanasema ng'ombe waliinua vichwa ng'ambo ya bonde. Safu mbili zikajipanga zenyewe, fimbo zikapanda, zikashuka, na hakuna hata kidole kimoja kilichoguswa siku ile. Ngollo alipiga safu ya mbele, akilia waziwazi bila kujificha. Mzee Lubala alipiga kwa nguvu mpaka fimbo yake ikakatika, akaomba nyingine. Bibi Kwandu, ambaye miaka mingi hakuwa amegusa fimbo, aliingia katikati akacheza. Alasiri punje ya mwisho iliingia ghalani, mlango ukafungwa, na tone la kwanza likaanguka juu ya jabali tupu.

Vile vipande vitatu vya jino havikutupwa. Bibi Kwandu alivichukua, akavichimbia chini ya jiwe la kusagia la zamani, lile la Minza. "Lilikuja kutafuta kazi," alisema. "Hapa ndipo kazi yake ilipohamia. Likae nayo." Na Mzee Lubala alilivaa shingoni lile jino zima alilomng'oa Nkwimba bure, akalivaa hadi uzee wake. Alipoitwa kwa mgonjwa, alilishika kwanza, kisha akahesabu meno yote na kupapasa nyuma kabla hajagusa kijiti chake.

Mambo yamekuwa hivyo kuanzia mavuno yale. Gego la mwisho haliji pamoja na wenzake. Hungoja mpaka mwenyewe apate sauti ya mtu mzima, ndipo liamke. Lililolala wima husimama vizuri, na mwenyewe huona ajabu kuota jino akiwa na ndevu. Lililolala ubavu humsukuma jirani. Na yapo ambayo hayaamki kabisa, yanalala na mwenyewe mpaka uzeeni. Kwa hiyo daktari wa meno wa leo haamini jino linalopiga kelele peke yake. Hupiga picha ya taya kwanza, aone nani amelala nyuma. Akikuta limebana na linaleta madhara, huchoma sindano ya ganzi, huchana, hulipasua, hulitoa vipande vipande, na hushona. Kisha hukwambia usifyonze, usiteme kwa nguvu, na kesho uanze maji ya chumvi. Atakuuliza mdomo unafunguka vidole vingapi.

Siku yenu ikifika, mkahisi kitu kinapapasa huko nyuma, msilitukane jino hilo. Liliambiwa lilale na halikuambiwa kwamba nyumba imekunjwa. Semeni mapema, msingoje shavu lijae.

Haya, sasa toeni vidole mdomoni. Mbula, na wewe pia. Safu zimekamilika, tazameni juu ya jabali. Kimoja, viwili, vitatu. Vimeingia vyote. Nyamazeni, anavitoa.